DAWA YA MOTO SI MOTO KILA MARA
Barafu yaweza kumpunguzia mgonjwa maumivu baada ya kupasuliwa

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walisema dawa ya moto ni moto, na katika nyumba zetu nyingi msemo huo haukubaki mdomoni tu, bali umegeuka kuwa tiba. Mgonjwa arudipo kutoka hospitali akiwa na mshono mbichi, jambo la kwanza wanaloliandaa jamaa zake ni sufuria ya maji jikoni na kitambaa cha kumkandia. Mzazi aliyejifungua kwa kupasuliwa hukandwa tumbo. Kijana aliyefanyiwa operesheni ya goti hukandwa goti. Naye aliyeng'olewa jino huambiwa asukutue kwa maji ya moto yenye chumvi mara tu avukapo kizingiti. Yote hayo hufanywa kwa mapenzi, wala hakuna amtakiaye mgonjwa wake mabaya.

Lakini ukienda kwa wauguzi wa wodi za upasuaji utasikia ushauri ulio kinyume kabisa. Wao husema kwamba katika siku mbili tatu za mwanzo, kama mahali palipopasuliwa patakandwa na kitu chochote, basi kitu hicho na kiwe cha baridi. Barafu ile ile inayouzwa mitaani kwa ajili ya kupozea maji ya kunywa ni mojawapo ya njia kongwe, rahisi na za gharama ndogo za kupunguza maumivu. Hapana budi, hata hivyo, itumiwe kwa ujuzi, kwa sababu baridi nayo huunguza.

Maumivu hutoka wapi?

Kisu cha daktari, hata kiwe kikali na safi namna gani, hukata ngozi, mafuta, nyama na mishipa midogo midogo ya damu. Wakati huo mgonjwa hajui kitu, kwa kuwa amepewa dawa ya usingizi au amechomwa sindano ya ganzi. Dawa hiyo ikiisha nguvu ndipo mateso huanza, na kwa kawaida siku mbili au tatu za kwanza ndizo nzito kuliko zote.

Chembe za mwili zilizojeruhiwa humwaga kemikali ziitwazo histamini, prostaglandini na nyinginezo. Kemikali hizo hufanya kazi mbili. Kwanza, huitanua mishipa ya damu na kuifanya ivujishe majimaji, hata mahali pale pakavimba na kuwa na joto. Pili, huziamsha neva, yaani nyuzi zinazopeleka habari kwenye ubongo, zikawa nyepesi kushituka. Kitu kidogo tu, kama vile shuka kugusa ngozi, huonekana kuwa kitu kikubwa.

Uvimbe huo si adui. Ni dalili kwamba mwili umeanza kujitengeneza, kwa maana damu huleta chembe nyeupe za kupambana na vijidudu na za kusafisha jeraha. Ubaya wake ni kwamba ukizidi hubana, na ukibana huuma. Sasa mtu akipakanda hapo kwa maji ya moto, mishipa ambayo tayari imetanuka hutanuka zaidi, majimaji huongezeka, na pengine mshipa mdogo uliokuwa umeanza kuziba hufunguka ukatoa damu upya. Huko ni kuuongezea moto kuni.

Kazi tatu za baridi

Baridi hufanya kazi tatu. Ya kwanza ni kuisinyaza mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, kwa hiyo damu na majimaji yanayovuja hupungua, na uvimbe hauendi mbali.

Ya pili ni kuzichelewesha neva. Habari ya maumivu hupita katika neva mfano wa msafiri barabarani, na kadiri neva inavyopoa ndivyo msafiri huyo anavyokwenda polepole. Ngozi ikishuka hadi kufikia kiasi cha nyuzi 10 hadi 15 za Sentigredi, mahali pale huanza kufa ganzi. Kabla ya kufika hapo mgonjwa hupita katika hatua ambazo ni vizuri azijue ili asishituke: kwanza husikia baridi kali, kisha kama kitu kinachochoma, kisha maumivu mazito kidogo, na mwisho ganzi.

Kazi ya tatu inahusu ubongo wenyewe. Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza, walitoa nadharia kwamba katika uti wa mgongo mna kitu mfano wa lango, na kwamba habari nyingine zinazotoka kwenye ngozi, kama vile kusuguliwa, zaweza kulifunga lango hilo habari ya maumivu isipite kwa wingi. Ndiyo maana mtu akijigonga husugua mahali pale bila kufundishwa na mtu. Baridi nayo hufikiriwa kupita njia kama hiyo. Baadaye, mwaka 2002, David Julius na Ardem Patapoutian, wakifanya kazi mbalimbali nchini Marekani, waligundua kipokezi kilicho kwenye neva ambacho huitambua baridi pamoja na ubaridi wa mentoli, kile kitu kinachoburudisha ndani ya dawa za kuchua. Kwa uchunguzi wao juu ya namna mwili unavyotambua joto, baridi na mguso walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2021.

Si jambo geni

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya juzi. Mganga wa Wayunani wa kale, Hippocrates, aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, anahesabiwa miongoni mwa watu wa kwanza kutajwa kuwa walitumia baridi kwa uvimbe na maumivu. Mwezi Februari mwaka 1807, katika vita vya Eylau, daktari mkuu wa upasuaji katika jeshi la Napoleon, Dominique Jean Larrey, aliona kwamba askari waliokatwa miguu na mikono katika baridi ile kali ya theluji hawakusikia maumivu kama wenzao wa mahali pengine. Lakini baridi hiyo hiyo iliua nyama za vidole na nyayo za askari wengine wengi. Tangu hapo funzo lilikuwa wazi, kwamba baridi ni dawa na pia ni silaha.

Katikati ya karne ya 19, daktari Mwingereza aitwaye James Arnott alichanganya barafu iliyopondwa na chumvi, akaitia mfukoni na kuiweka juu ya ngozi ili kuleta ganzi. Mchanganyiko wa namna hiyo hushuka chini sana ya nyuzi 0, na ndio waliokuwa wakiutumia watengenezaji wa aiskrimu kabla ya kuwapo mashine za umeme. Msomaji na akumbuke jambo hilo, kwa sababu tutalirudia tutakapotaja hatari.

Hata hapa kwetu Afrika ya Mashariki maarifa hayo yalikuwapo. Wabukusu wa magharibi ya Kenya huwapeleka vijana wa jando mtoni alfajiri, wakati maji ni baridi kuliko saa nyingine zote, na kuwapaka tope la baridi kabla ya kutahiriwa. Na Wakikuyu nao walikuwa na desturi ya kuwaogesha vijana katika mto wa baridi asubuhi ile ya tohara. Pamoja na maana nyingine za mila, wazee walijua kwamba mwili uliopoa hauumii sana na wala hautoki damu nyingi. Tope, bila shaka, si kitu cha kulikaribisha kwenye jeraha, kwani udongo huweza kubeba vijidudu vya pepopunda. Lakini juu ya baridi, wazee hawakukosea.

Imepimwa ikaonekanaje?

Swali la haki ni hili: je, barafu husaidia kweli, au ni faraja ya mawazo tu? Majaribio mengi yamefanywa kwa wagonjwa waliobadilishiwa goti, kwa sababu operesheni hiyo ina maumivu makubwa. Wachunguzi wa shirika la Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya majaribio na kuyapima kwa mizani moja, walilitazama suala hilo mwaka 2012 na tena mwaka 2023. Walichokiona ni kwamba baridi huenda ikapunguza kidogo maumivu na damu inayopotea katika siku za mwanzo, ila ushahidi wenyewe si wa nguvu. Majaribio juu ya watu walioshonwa tumbo nayo yameonyesha kwamba mifuko ya barafu yaweza kupunguza maumivu na haja ya dawa kali, na kwa akina mama waliochanika na kushonwa wakati wa kujifungua kwa njia ya kawaida, ubaridi umeonekana kuleta nafuu ya kiasi.

Kwa hiyo barafu si muujiza. Haiondoi maumivu yote, wala haiwezi kuchukua nafasi ya vidonge alivyoandika daktari. Ni msaidizi wa dawa. Lakini msaidizi huyu ana faida yake: mgonjwa aliyepunguziwa maumivu hukohoa vizuri akatoa makohozi, huinuka kitandani mapema, hunyonyesha mtoto wake bila kukunja uso, na huenda asihitaji sana zile dawa kali zinazoleta usingizi na kufunga choo.

Yafaa pia isemwe kwamba barafu haiharakishi kupona. Mwaka 1978 daktari wa michezo wa Marekani, Gabe Mirkin, aliandika kitabu kilichoueneza duniani kote ushauri wa kupumzisha kiungo kilichoumia, kukiwekea barafu, kukifunga na kukiinua. Miaka mingi baadaye, mwaka 2014, yeye mwenyewe aliandika kwamba barafu ikitumiwa kupita kiasi yaweza kuchelewesha kupona, kwa kuwa huzuia ule uvimbe wenye manufaa. Ndipo tunapopata kanuni: baridi ni ya kutuliza maumivu siku za mwanzo, kwa vipindi vifupi, si ya kukaa nayo mchana kutwa wala kwa majuma mengi.

Mzazi na maji ya moto

Hakuna mahali ambapo jambo hili huleta mvutano kama katika chumba cha mzazi. Kwa desturi zetu, mwanamke aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto ili damu chafu itoke, tumbo lirudi, na baridi isimwingie mwilini. Mama mkwe au bibi aliyekuja kulea huiona kazi hiyo kuwa wajibu wake, na mzazi akikataa huonekana kuwa mkaidi, au kwamba amelewa mambo ya hospitali.

Ukweli ni kwamba tumbo la uzazi hujikaza lenyewe, na kumnyonyesha mtoto hulisaidia kujikaza. Damu ya uzazi nayo hutoka yenyewe siku hata siku bila kukamuliwa. Kwa aliyepasuliwa, kukandamiza tumbo kwa kitambaa cha moto kwaweza kulegeza mshono, kulowesha kidonda na kuingiza vijidudu. Zaidi ya hayo, ngozi iliyo karibu na mshono mara nyingi huwa na ganzi kwa majuma kadhaa, kwa sababu neva ndogo zimekatwa. Mzazi huungua asijue. Malengelenge yakishatokea juu ya kidonda cha upasuaji, maradhi mawili hukaa mahali pamoja.

Na ile hofu ya baridi yabisi? Ugonjwa wa viungo hauletwi na mfuko wa barafu uliowekwa kwa robo saa. Mwenye viungo vibovu husikia maumivu zaidi wakati wa baridi, na hapo ndipo watu walipofikiri kwamba baridi ndiyo iliyouleta ugonjwa wenyewe.

Haifai, hata hivyo, kumvunjia heshima mzee aliyetoka mbali kuja kusaidia. Aweza kuombwa kwa adabu: "Mama, daktari amekataza tumbo, naomba unikande mgongo na miguu." Joto la kadiri mgongoni halina ubaya, nalo huburudisha. Maji ya uvuguvugu ya kuoga, uji wa moto, chumba kisicho na upepo mkali: yote hayo yabaki. Vema zaidi, mume au ndugu ampeleke mama huyo kliniki pamoja na mzazi, ausikie ushauri kwa masikio yake kutoka kwa muuguzi wa makamo yake. Neno la mtoto hupuuzwa, lakini la mkunga aliyezalisha mamia halipuuzwi.

Namna ya kutumia

Kwanza, ulizeni hospitalini kabla ya kuruhusiwa: "Je, naweza kuweka barafu, na mahali gani?" Mkikubaliwa, fuateni utaratibu huu.

Twaeni barafu iliyopondwa, mwitie pamoja na maji kidogo ndani ya mfuko wa plastiki imara usiovuja, na mwufunge vizuri. Barafu inayoyeyuka ni bora kuliko ile kavu iliyotoka sasa hivi kwenye friji. Kwanza, haishuki chini ya nyuzi 0, hali barafu ya ndani ya friji huwa kwenye kiasi cha nyuzi 18 chini ya 0. Pili, nguvu ya barafu imo katika kuyeyuka kwake: kilo moja ikiyeyuka hunyonya joto ambalo lingetosha kuyapasha maji ya uzito huo huo kutoka nyuzi 0 hadi karibu 80. Msiongeze chumvi kamwe. Tumekwisha kuona chumvi hufanya nini.

Zungusheni kitambaa kikavu na safi, kama taulo jembamba au kanga iliyokunjwa, ili barafu isiguse ngozi. Iwekeni juu ya bandeji au kando ya mshono bila kukandamiza, na kidonda kisilowe. Muda ni dakika 10 hadi 20, mkitazama saa. Kisha ondoeni, ngozi ipumzike saa moja au mbili, ndipo mrudie kama bado panauma. Kila baada ya dakika tano tazameni ngozi. Ikiwa nyeupe, ya kijivu, ngumu au yenye madoa, acheni mara moja. Mgonjwa asilale usingizi na barafu juu yake.

Wasio na friji wanaweza kununua barafu kwa jirani au sokoni, ila wakumbuke kwamba baridi haiui vijidudu. Barafu ya maji machafu ni maji machafu yaliyoganda, kwa hiyo ibaki ndani ya mfuko isidondokee kidonda. Chupa ya maji iliyogandishwa nayo yafaa, ikifungwa kitambaa kizito zaidi. Pasipo hata hiyo, kitambaa kilicholoweshwa maji ya mtungi, kikakamuliwa na kuwekwa mbali na mshono, huleta nafuu kidogo.

Kwa mama aliyeshonwa njia ya uzazi, kipande kidogo cha baridi kilichofungwa kwa kitambaa kisafi kiwekwe dakika 10 katika siku hizo za mwanzo. Aliyeng'olewa jino aweke ubaridi shavuni kwa nje, wala asisukutue kabla ya saa 24, maana damu iliyoganda shimoni ndiyo kifuniko chake. Mtoto aliyetolewa mafindofindo ya kooni hufurahia barafu ya kunyonya. Apewe iliyotengenezwa kwa maji yaliyochemshwa, isiyo ya ukwaju wala ndimu kwa kuwa ukali wake huchoma koo, na isiyo nyekundu ili msije mkaidhania damu au damu mkaidhania rangi.

Katika nchi zenye uwezo ziko mashine za umeme zinazozungusha maji baridi kwenye goti. Asiyekuwa nayo asijione amepungukiwa. Mfuko wa barafu uliotumiwa vizuri hufanya kazi iliyo karibu sana na hiyo.

Wasioruhusiwa

Baridi ina watu wake na wasio watu wake. Wa kwanza kujihadhari ni mwenye ugonjwa wa selimundu, kwa sababu baridi huweza kuzifanya chembe zake za damu kuziba mishipa na kumletea maumivu makali yanayohitaji hospitali. Kwa kuwa Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huo, kila familia haina budi kuuliza kabla ya kumwekea mtoto barafu.

Wengine ni wenye kisukari waliopoteza hisia miguuni, wenye damu isiyofika vizuri vidoleni, wale ambao vidole vyao hugeuka vyeupe wakishika kitu cha baridi, wanaotoka vipele kwa baridi, na waliopandikizwa ngozi. Mgonjwa ambaye kiungo chake bado kina ganzi ya sindano pia asiwekewe, kwa kuwa hawezi kusema "inatosha". Mtoto mchanga asiguswe kabisa na barafu.

Baridi pia isitumiwe kuficha ugonjwa. Maumivu ya mshono hupungua siku hadi siku. Yakiongezeka baada ya siku ya tatu, au kidonda kikitoa usaha au harufu, mgonjwa akiwa na homa, damu ikitoka bila kukoma, tumbo likiwa gumu, au nyama ya nyuma ya mguu ikivimba na kuuma upande mmoja, msitafute barafu, tafuteni gari. Aliyefungwa hogo la plasta ambaye maumivu yake yanazidi, na vidole vikawa baridi, vyenye ganzi au rangi ya samawati, arudishwe hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku wa manane. Kungoja mapambazuko kwaweza kumgharimu mguu.

Wahenga hao hao waliotufundisha dawa ya moto walitufundisha pia kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Maumivu ni ya aliyelala kitandani. Basi kabla sufuria haijateremshwa jikoni, yeye kwanza aulizwe, kisha daktari aulizwe, na saa ya ukutani isogezwe karibu. Robo saa ya ubaridi yaweza kumpa usingizi wa kwanza tangu atoke chumba cha upasuaji.